Lubumbashi hadi Guangzhou: jinsi ya kupima umbali wa anga na saa halisi za safari

Ukiuliza sokoni katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, safari ya Guangzhou inachukua muda gani, mmoja atakuambia saa kumi, mwingine atasema siku nzima, na wa tatu ataapa kuwa ni siku mbili. Hakuna anayedanganya. Wa kwanza anahesabu ile ndege kubwa peke yake, kutoka Addis Ababa. Wa pili anasoma saa zilizo kwenye tiketi bila kuondoa tofauti ya majira. Wa tatu anahesabu tarehe mbili za kalenda, tangu alipofunga mlango wa nyumba yake Katuba mpaka alipoweka valizi chini kule China.

Anayekwenda kununua bidhaa anahitaji hesabu zote tatu, na azifanye kabla ya kulipa tiketi. Tiketi ya bei nafuu inayokulaza uwanjani usiku mzima inaweza kukugharimu siku ya kazi, chakula na nguvu za kupatana bei. Hesabu yenyewe si ngumu. Inahitaji simu, kalamu na utulivu wa nusu saa.

Kila saa ninayoandika hapa ni ya mtindo wa tiketi, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Yaani 13:30 ni saa saba na nusu mchana.

Hatua ya 1: Pata mstari ulionyooka

Fungua Google Maps, bonyeza kwa muda juu ya uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, mpaka alama itokee, chagua kupima umbali, kisha usogeze ramani hadi uwanja wa Baiyun wa Guangzhou. Utapata takriban kilomita 10,100. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo kutoka Luano hadi Baiyun ni karibu robo kamili ya dunia. Ukiwa na tufe la shuleni, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili, kisha uuzungushe uzi huo kwenye ikweta: utaingia mara nne hivi.

Intaneti ikikatika, unaweza kupata makadirio mazuri kwa karatasi. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111. Digrii moja ya longitudo, kwa sisi tulio karibu na ikweta, ni kama kilomita 110. Tuchukue Lubumbashi na Kinshasa. Luano uko latitudo 11.6 kusini na longitudo 27.5 mashariki, N'djili, uwanja wa Kinshasa, uko 4.4 kusini na 15.4 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 7.2, yaani kilomita 799. Tofauti ya longitudo ni 12.1, yaani kilomita 1,331. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata kama kilomita 1,550, na ndivyo ilivyo angani.

Kwa Guangzhou hesabu hiyo hukosea kwa kilomita mia moja hivi, kosa dogo kwa safari ndefu kama hiyo. Lakini usiitumie kwa miji ya kaskazini iliyo mbalimbali, kwa mfano Beijing na New York. Kule digrii za longitudo zinabanana kadiri unavyokaribia ncha ya dunia, na jibu litapotoka kwa maelfu ya kilomita.

Hatua ya 2: Pima njia ambayo ndege itapita kweli

Ukitoka Lubumbashi kwenda Guangzhou utabadilisha ndege mahali fulani, kwa hiyo umbali wako wa kweli ni jumla ya vipande. Hii ndiyo hatua watu wengi wanairuka, na ndiyo inayoonyesha kama njia unayouziwa ina akili au inakuzungusha.

Kupitia Addis Ababa: Lubumbashi hadi Addis ni kama kilomita 2,600, Addis hadi Guangzhou kama 8,040. Jumla 10,640. Umeongeza kilomita zaidi kidogo ya mia tano juu ya mstari ulionyooka.

Kupitia Nairobi: 1,540 na 8,680, jumla 10,220. Nairobi iko karibu juu ya mstari wenyewe.

Kupitia Johannesburg: 1,620 na 10,670, jumla 12,290. Hapo unaanza kwa kushuka kusini, kisha unapanda tena umbali wote ulioshuka.

Kupitia Kinshasa kisha Addis: 1,550, kisha kama 2,970, kisha 8,040. Jumla inakaribia 12,560. Unaelekea magharibi wakati unakokwenda ni mashariki. Mtu akikuuzia njia hiyo kwa sababu ana kiti cha bei nafuu cha kwenda Kinshasa, mwombe kwanza akuandikie jumla ya saa.

Usiishie kusema Nairobi inashinda Addis kwa kilomita mia nne. Kilomita mia nne kwa ndege ya jeti ni nusu saa tu. Kinachoamua kati ya njia hizo mbili ni muda utakaokaa ukisubiri ndege ya pili, na unaweza kutofautiana kwa saa sita au nane kulingana na siku ya wiki. Umbali unakusaidia kuzikataa njia zinazozunguka. Zile zilizobaki zichague kwa muda wa kusubiri.

Jambo jingine: ndege haifuati mstari kama uzi. Kuna anga zilizofungwa. Tangu Aprili 2023, vita vilipoanza Sudan, ndege zimelazimika kulikwepa anga la nchi hiyo, na anayetoka Addis kwenda Ulaya analiona hilo kwenye muda wake. Kuelekea China njia ni nyingine, juu ya Bahari ya Arabu na India. Hata hivyo, ongeza asilimia chache juu ya kipimo chako, usije ukashangaa skrini ya kitini ikionyesha kilomita zaidi ya ulizopima.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa saa

Jeti ya abiria ikishatulia juu hukimbia kati ya kilomita 840 na 900 kwa saa. Kwa hesabu ya haraka, gawanya umbali kwa 850, kisha ongeza nusu saa kwa ajili ya kutembea uwanjani, kupaa na kushuka.

Lubumbashi hadi Addis: 2,600 kwa 850 ni saa tatu na kidogo, ukiongeza nusu saa ni saa tatu na dakika thelathini na tano hivi. Addis hadi Guangzhou: 8,040 kwa 850 ni saa tisa na nusu, ongeza nusu saa, ni saa kumi. Lubumbashi hadi Kinshasa ni saa mbili na dakika ishirini.

Angalia pia ni ndege ya aina gani. Yenye mapanga, kama ATR 72, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Kwa Kalemie, iliyo kilomita 660 hivi kutoka Luano, jeti ingetumia saa moja na robo, ATR saa moja na dakika hamsini. Tena uliza kama ndege inashuka mahali njiani kabla ya kufika unakobadilishia. Kituo kimoja cha kushusha na kupandisha abiria kinakula saa moja au zaidi, hata kama huinuki kitini.

Kurudi ni habari nyingine. Juu huko, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa Desemba hadi Februari. Ukienda China zinakusukuma; ukirudi zinakupiga usoni. Kwa hiyo Guangzhou hadi Addis hesabu saa kumi na moja, siyo kumi.

Hatua ya 4: Isome tiketi kwa saa za miji yote

Hapa ndipo watu wanapopotea, na wengine wanaachwa na ndege. Saa ya kuondoka kwenye tiketi ni ya mji unaoondoka, na saa ya kufika ni ya mji unaofika. Ili upate muda wa kweli, lazima uzilete zote kwenye saa moja.

Lubumbashi iko saa mbili mbele ya saa ya dunia (UTC). Addis na Nairobi ziko saa tatu mbele. China nzima, pamoja na upana wake wote, inatumia saa moja tu: nane mbele, mwaka mzima bila kubadilika. Kwa hiyo Guangzhou iko saa sita mbele yetu. Sisi tukila chakula cha mchana saa 12:00, wao ni 18:00.

Kanuni ni hii: ukienda mashariki, ondoa tofauti. Ukirudi magharibi, ongeza.

Chukua tiketi ya mfano. Kuondoka Luano 13:30, kufika Addis 18:05. Kwa macho ni saa nne na dakika thelathini na tano. Ondoa saa moja, ni saa tatu na dakika thelathini na tano. Kuondoka Addis 23:30, kufika Guangzhou 14:30, na pembeni pameandikwa +1, yaani kesho yake. Kwa macho ni saa kumi na tano; ondoa tano, ni saa kumi. Subira ya Addis ni saa tano na dakika ishirini na tano. Sasa hakiki: kutoka 13:30 ya leo hadi 14:30 ya kesho ni saa ishirini na tano, ondoa sita, zinabaki kumi na tisa. Vipande vyako vitatu navyo vinatoa kumi na tisa. Zisipolingana, kuna saa umeisoma vibaya. Rudia kabla hujalipa.

Ile +1 ndogo ichunge sana. Anayekodi chumba kwa tarehe ya kuondoka badala ya tarehe ya kufika analipia usiku ambao atakuwa angani.

Mtego huu uko hata ndani ya nchi yetu, kwa sababu Kongo ina majira mawili. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi. Tiketi ikisema unatoka Luano 10:00 na kufika N'djili 11:20, usidhani umepata ndege ya saa moja na dakika ishirini. Ni saa mbili na dakika ishirini. Na ukirudi, saa ile ile moja inadaiwa. Anayetoka Kinshasa akiwa na ndege nyingine ya kuunganisha Luano, asipobadilisha saa ya mkononi, anaweza kukaa anakunywa soda huku ndege yake inaondoka.

Ukiwa na subira ndefu Addis ukatoka mjini, ujue Waethiopia katika maisha ya kila siku wanahesabu saa kuanzia alfajiri, kama tunavyofanya kwa Kiswahili: adhuhuri kwao ni saa sita. Tiketi na mbao za uwanjani zinatumia mtindo wa kimataifa. Ukiahidiana na dereva wa teksi, kubalianeni mnatumia saa ipi.

Hatua ya 5: Hesabu ardhi

Katika mfano wetu, muda wa angani ni saa kumi na tatu na dakika thelathini na tano. Kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli ni karibu mara mbili ya huo.

Anza na Luano. Kwa safari ya kimataifa fika saa tatu kabla. Foleni ya kupima mizigo kwa wafanyabiashara ni ndefu, kuna Go-Pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, kuna ukaguzi wa pasipoti wa DGM, idara ya uhamiaji, kuna kadi ya manjano. Kadi hiyo haihesabiwi kwa dakika bali kwa siku: chanjo ya homa ya manjano huanza kukubalika siku ya kumi baada ya kuchomwa. Habari njema ni kwamba tangu 2016 cheti chake ni cha maisha yote, usikubali kuambiwa kimeisha kwa sababu ya miaka kumi. Msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, radi za alasiri zinaweza kuichelewesha ndege kupaa, na barabara za mji zinajaa maji. Toka nyumbani saa nzima mapema kuliko unavyotoka Julai.

Kisha kuna kubadilisha ndege. Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, mzigo wako unapitishwa moja kwa moja, na ikiwa ndege ya kwanza imechelewa, shirika ndilo lenye wajibu wa kukutafutia nyingine. Kabla hujaachana na valizi yako Luano, soma kibandiko wanachoifunga: lazima kiandikwe CAN, ambayo ni alama ya uwanja wa Guangzhou. Kikiandikwa ADD, mzigo utashuka Addis. Kwa tiketi moja, saa mbili za kubadilisha zinatosha. Kwa tiketi mbili tofauti, mimi singekubali chini ya saa tano, kwa sababu itabidi uingie nchini, uchukue mzigo, uupeleke tena kupimwa, na kila ucheleweshaji ni juu yako mwenyewe. Kabla ya kununua tiketi za aina hiyo, hakikisha pia pasipoti yako inaruhusiwa kuingia nchi hiyo ya katikati.

Mwisho, Baiyun. Uwanja uko kaskazini mwa mji. Kuna uhamiaji na alama za vidole, kuna mizigo, kisha metro ya laini ya 3 inayoshuka mjini. Kwa anayekwenda Xiaobei, ambako Waafrika wengi wa biashara hufikia, tenga saa tatu tangu ndege iguse ardhi.

Sasa jumlisha. Ulitoka nyumbani 9:30. Ulifika hotelini 17:30 ya siku ya pili, saa za China, ambazo kwetu ni 11:30. Ni saa ishirini na sita. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mama nyumbani akikuuliza utafika lini, na ndiyo namba ya kulinganisha njia moja na nyingine.

Hatua ya 6: Kama unafikiria kupandia Ndola

Watu wengi wa Lubumbashi wanavuka kwenda Zambia kwa sababu ya bei ya tiketi. Kutoka Ndola hadi Addis ni kama kilomita 2,700, kwa hiyo angani hakuna tofauti ya maana, na saa ya Zambia ni sawa na yetu. Tofauti yote iko barabarani: kilomita tisini hivi hadi Kasumbalesa, kisha mpaka, kisha Chililabombwe, Chingola na Kitwe mpaka Ndola.

Barabara unaweza kuikadiria, mpaka hauwezi. Malori ya shaba na kobalti yanapanga mistari mirefu Kasumbalesa, na kuna siku abiria anapita upesi na kuna siku anakaa nusu ya mchana. Kwa hiyo usiichukulie Ndola kama uwanja wa karibu. Ondoka Lubumbashi asubuhi ya siku moja kabla, lala upande wa pili, na gharama ya kulala uijumlishe kwenye bei ya tiketi. Mara nyingi ukishaongeza usafiri wa barabara, chumba na chakula, ile nafuu inapungua sana. Kwa anayesafiri na watoto au mzee, ningelipa zaidi na kupandia Luano.

Hatua ya 7: Ipange siku ya kwanza kwa saa ya mwili

Mwili haubadilishi saa pamoja na simu. Ukifungua duka la kwanza Guangzhou saa 8:00 asubuhi, mwili wako uko saa 2:00 ya Lubumbashi, yaani saa nane ya usiku. Kichwa kizito hakihesabu vizuri yuani na dola, na wauzaji wa kule wako macho kabisa. Asubuhi ya kwanza tembea, ona bidhaa, chukua kadi na bei, usitoe malipo ya kwanza. Kaa kwenye mwanga wa jua mchana, usilale kabla ya giza hata kama macho yanafumba.

Kwa wanaolenga maonyesho makubwa ya Guangzhou yanayoitwa Canton Fair, yanafanyika tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, yakianza Aprili na Oktoba, siku hizi kwa awamu tatu, kila awamu na aina zake za bidhaa. Tafuta kwanza awamu inayohusu bidhaa zako, kisha hesabu kurudi nyuma: siku moja ya kupumzika, saa ishirini na sita za njia, na hapo ndipo unapopata tarehe ya tiketi. Wengi huanza na tiketi, halafu wanafika awamu ya mashine wakati wao wanauza nguo.

Hatua ya 8: Kurudi

Tumia kanuni ile ile, safari hii kwa kuongeza. Mfano: kuondoka Guangzhou 00:30, kufika Addis 6:30. Kwa macho ni saa sita. Ongeza tano, ni kumi na moja. Kuondoka Addis 9:30, kufika Luano 12:05: saa mbili na dakika thelathini na tano, ongeza moja. Subira ni saa tatu. Jumla ni saa kumi na saba na dakika thelathini na tano, ingawa saa ya ukutani inaonyesha umetumia kumi na moja na dakika thelathini na tano tu.

Ndege za usiku wa manane zina hatari yake. Tiketi ya 00:30 tarehe 15 inamaanisha uwe uwanjani tarehe 14 saa 21:30. Wapo wanaokwenda tarehe 15 jioni na kukuta ndege iliondoka karibu siku nzima nyuma. Andika kwenye simu tarehe ya kutoka hotelini, siyo ya ndege peke yake.

Na wanaokuja kukupokea Luano wape saa ya Lubumbashi, iliyo kwenye mstari wa mwisho wa tiketi, pamoja na saa moja na nusu ya kungoja mizigo. Ndege ikifika 12:05, waambie waje 13:00, na wasiwe na haraka hadi 13:35.